Nimekusanya vyuma chakavu miaka 40, sanamu yangu ya kwanza kubwa imevunjika shingo yenyewe usiku

KopoLaGololi (mwenye mada)

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mnisaidie mawazo maana humu najua wapo mafundi, wapo wasanii na wapo waliochanganya vyote viwili.

Mimi nina miaka 54, kazi yangu muda wote ni mahesabu, makaratasi na kalkuleta, ila tangu utotoni nina ugonjwa wa vyuma. Ulianza na beringi moja iliyopasuka, nikaiokota nikaigonga na jiwe mpaka zikatoka gololi tisa, nikaziweka kwenye kopo, na hilo kopo ninalo mpaka leo na gololi zote tisa zimo. Toka hapo kipande cha chuma hakijawahi kunipita salama. Mnyororo wa baiskeli, sproketi, plagi za gari, spana iliyoisha meno, vyote vinaishia kwangu. Miaka yote hiyo nilikuwa naunga vitu vidogo vidogo kwa bolti na waya, mjusi, panzi, vya kukaa juu ya meza. Mwaka huu ndo nikasema potelea mbali, nikanunua mashine ya kuchomelea, nikajifunza kwa kuharibu, alafu nikaanza korongo wa kunifika kifuani.

Korongo mwenyewe yuko hivi, miguu nondo, mwili sepetu mbili nimezifumbatisha, mkia meno ya reki, mdomo plaisi ya zamani na inafunguka na kufunga kabisa. Shingo ndo nilikuwa najivunia, nilikata kipande cha ule mguu wa cherehani ya kukanyaga, ule wenye mikunjo mikunjo, una pindo lile lile la shingo ya korongo ambalo hata ukae mwaka huwezi kulikunja mwenyewe. Nikachomelea kwenye sepetu, nikamaliza kama saa nne usiku, nikamwagia maji ipoe niweze kuishika niiangalie vizuri, nikaenda kulala na raha zangu. Saa saba hivi nasikia TIK, kama mtu kavunja kijiti. Asubuhi kichwa kiko sakafuni.

Kinachonishangaza hakikukatikia kwenye weldingi, weldingi imeshika vizuri tu, kimekatika pembeni yake kama nusu sentimita na ndani pana rangi ya kijivu, chembechembe kama mchanga.

Maswali yangu: 1. Nimekosea wapi? 2. Kazi inayofuata nataka kobe, gamba nina tanki la mafuta la pikipiki ya zamani na miguu shokapu nne nilizonazo muda mrefu, mnaonaje? 3. Mke wangu anasema mimi siyo msanii, mimi ni jalala lenye miguu. Lundo limefika kwenye dirisha. Nitajuaje cha kubaki nacho na cha kuachia? Na miaka 54 siyo nachekesha watu kweli?

---

fundi_cheche

Mkuu pole ila umenichekesha hapo pa kumwagia maji. Hiyo shingo uliiua mwenyewe.

Miguu ya zile cherehani za kukanyaga ni chuma cha kumimina, kile kinachoyeyushwa na kumwagwa kwenye umbo. Kina kaboni nyingi, kama asilimia 2 mpaka 4, wakati chuma laini cha kawaida kama bomba na engo hakifiki hata 0.3. Kaboni ikiwa nyingi hivyo chuma kinakuwa kigumu lakini hakina kuvumilia, hakinyooki kikivutwa, kinapasuka. Sasa wewe umekipiga moto sehemu moja mpaka ikayeyuka, pembeni yake pakawa baridi, alafu ukamwaga maji. Weldingi inapopoa inajikunja, inavuta, chuma cha pembeni hakina pa kwenda. Ndo ile TIK. Ingeweza kupiga palepale au baada ya siku tatu, yako imechagua saa saba.

Jifunze kusoma cheche kabla hujachomelea kitu usichokijua. Gusisha kwenye grainda kidogo tu sehemu yenye kivuli uone vizuri. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka za njano iliyopauka, matawi machache. Chuma cha kaboni nyingi kama faili, springi, beringi, cheche zinapasukapasuka kama fataki, matawi mengi. Cha kumimina kinatoa cheche fupi, nyekundu nyekundu zilizofifia, hazifiki mbali. Sekunde tano umeshajua una ugomvi na nani.

Kuitengeneza una njia tatu. Ya kwanza rodi za nikeli, unapasha kipande chote moto kwanza, unachomelea vipande vifupi vya sentimita 2 hivi, unasimama, unagongagonga kwa nyundo ndogo weldingi ikiwa bado ya moto, unaendelea, ukimaliza unakifukia kwenye mchanga mkavu au majivu kipoe polepole mpaka kesho. MAJI MARUFUKU. Ya pili unaunga kwa shaba njano na gesi bila kuyeyusha chuma chenyewe, inashika vizuri na ule mstari wa dhahabu kwenye chuma cheusi mimi naupenda kuliko weldingi. Ya tatu ambayo kwa umri wako kwenye mashine ndo nakushauri, toboa uunge kwa bolti. Umeishi na bolti miaka 40, sasa leo zimekukosea nini?

Na kwa kazi zako za chuma laini rodi ya milimita 2.5 aina ya 6013, umeme wa ampia 60 mpaka 90, inatosha kabisa. Usikimbilie rodi nene.

---

MzeeWaKutu

Nimekuja mbio kwenye swali la pili, hayo ya shingo yatasubiri.

Kaka yangu USIGUSE HILO TANKI. Usilikate wala usilichomelee, hata kama limekaa miaka kumi tupu na halina harufu. Petroli haiishi kwenye tanki, inabaki kwenye kutu na kwenye mikunjo ya mishono, ukipasha moto inatoka kuwa mvuke na mvuke ndo unaolipuka, siyo mafuta. Tanki lililojaa linaweza kuwa na nafuu kuliko tanki tupu, watu hawaamini mpaka yawakute. Gamba la kobe tafuta kitu kingine, sufuria ya diski ya gari, ringi, sahani za klachi, plau. Ukilipenda sana hilo tanki lifunge kwa bolti na mikanda ya bati, moto usilikaribie.

Shokapu vilevile. Ndani kuna mafuta na nyingine kuna gesi iliyoshindiliwa, zimefungwa hazina pa kupumulia, ukiweka moto unakuwa umetengeneza bunduki na hujui mdomo wake umeelekea wapi. Miguu ya kobe ni mifupi bwana, weka springi zake peke yake, zile koili, zitapendeza zaidi.

Ngoja niongeze lingine maana nimeona umesema unajifunza mwenyewe. Mimi nilianza nikiwa na miaka 19, nina 71 sasa. Mwaka nisiotaka kuukumbuka nilikuwa natengeneza mbuni, manyoya yote vipande vya bomba la maji na mabati, yaani vyuma vya kupakwa zinki. Nilichomelea mchana kutwa ndani, mlango nimefunga kwa sababu ya upepo. Moshi mweupe, vipamba vyeupe vinaelea, nikaona vizuri tu. Usiku nikaanza kutetemeka kama nina malaria, meno yanagongana, mdomoni ladha ya kulamba sarafu, kifua kimebana. Kesho yake jioni nikawa mzima nikadhani ni homa tu imepita. Nikarudi kwa mbuni. Ikarudi homa. Mara ya tatu ndo akili ikaingia. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 na chuma kinayeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo kabla chuma hakijawa tayari zinki ilishakuwa moshi na uko mapafuni mwako. Ile ya kunywa maziwa kila fundi atakuambia, haisaidii kitu, moshi hauingii tumboni. Saga zinki itoke kwanza sehemu utakayochomelea, kaa nje, upepo uwe ubavuni siyo mgongoni, vaa barakoa ya moshi ya kweli. Kromu ya bampa ndo mbaya zaidi, hiyo mimi siichomelei kabisa.

Na kama unasafisha vyuma vyenye grisi kwa zile spreya za kusafishia breki, soma kopo, zenye klorini zikikutana na mwanga wa weldingi zinatoa fosijini, ile gesi iliyotumika kuua watu vita vya kwanza vya dunia. Sabuni na maji ya moto yanatosha.

Kuhusu kuchekesha watu na miaka 54. Kuna Mhispania mmoja anaitwa Julio González, alikuwa sonara wa kawaida, kuchomelea alijifunzia kwenye kiwanda cha magari cha Renault huko Ufaransa mwaka 1918, ana miaka 40 na kitu. Sanamu zake za chuma zilizomfanya ajulikane alianza kuzifanya amevuka 50, na ndiye aliyemsaidia Picasso, yule msanii maarufu, kazi za kuchomelea kuanzia 1928. Kwa hiyo wewe umechelewa kidogo tu, usijali sana.

---

DadaGrainda

Shikamoo Mzee wa Kutu, hiyo ya vipamba vyeupe nimecheka lakini siyo kwa furaha, na mimi yalinikuta.

Mwenye mada nakuja kwenye lundo maana ndo ugonjwa wangu pia. Jalala lenye miguu, huyo shemeji/wifi sijui nimwiteje ana kipaji, mpe salamu.

Mimi nilipunguza langu hivi. Nilitoa kila kitu nje nikakipanga chini, siku nzima mgongo umekatika. Alafu nikawa napita nashika kimoja kimoja najiuliza hiki ni nini KINGINE. Siyo kinafanya kazi gani, ni nini kingine. Kama nilishaona kitu ndani yake kinabaki, kama sijaona hata baada ya kukigeuza juu chini na kukiangalia kivuli chake ukutani, kinaenda kwa wanunuzi wa skrepa bila kuaga. Vile vya kusema "siku moja kitafaa" ndo vinavyojaza dirisha. Nilibakiwa na theluthi na nikaanza kufanya kazi zaidi, maana zamani nilikuwa nikitafuta kipande nakutana na vingine kumi na tano nasahau nilikuwa natafuta nini.

Unajua ile kazi ya Picasso ya kichwa cha ng'ombe dume, ya 1942? Ni tandiko la baiskeli na usukani wake, basi. Vipande viwili. Tandiko ndo uso, usukani ndo pembe. Nilipoiona kwenye picha mara ya kwanza nilikasirika kabisa, mimi hapo nina mbwa mwenye nati mia tatu na hafanani na mbwa. Nati nyingi siyo sanamu, ni nati nyingi. (Samahanini wenye mbwa wa nati.)

Kwa hiyo hako kajicho kalikoona shingo ya korongo kwenye mguu wa cherehani ndo mtaji wako, fundi atakufundisha kuchomelea, ila kuona vile hakuna wa kukufundisha. Nikushauri jambo moja la kazi, usimalizie weldingi siku hiyo hiyo. Piga doti tu, yaani vinukta vya weldingi vya kushikiza, doti mbili tatu kila kiungo, simamisha, rudi nyuma hatua kumi, iangalie asubuhi na uiangalie jioni jua likiwa nyuma yake uone umbo tupu bila vipande. Doti unazivunja kwa tindo na nyundo mara moja, weldingi kamili utalia nayo na grainda. Na miguu ya ndege, hakikisha uzito wa mwili unaangukia katikati ya nyayo, mpe vidole virefu mbele au umfungie kwenye bamba zito, chuma kikubwa kama lita moja ya maji kina karibu kilo 8, kikianguka kwenye mguu wa mtoto hakuna sanaa tena hapo.

---

bati_jipya

Mkuu ukishamaliza piga spreya ya silva yote, ing'ae, kutu inaonekana uchafu tu

---

DadaGrainda

@bati_jipya tafadhali toka nje ya mada kwa miguu yako mwenyewe 😂

---

fundi_cheche

Hapana mwacheni ana hoja nusu. Kutu inayokaa ndani ya nyumba haina shida, inasimama yenyewe. Nje kwenye mvua haisimami, inakula, na sehemu nyembamba kama yale meno ya reki ndo zitakwisha kwanza. Kama unaipenda rangi ya kutu piga brashi ya waya itoke ile ya unga unga, ibaki ya kushikana na chuma, alafu paka mafuta ya kitani (linseed) MEMBAMBA, ukishapaka futa kama unayajutia, ukiyaacha mazito yananata mwezi mzima na kila mdudu atakuja kufia hapo. Ndani ya nyumba hata nta ya nyuki inatosha. Vanishi ya kung'aa mimi siipendi kwa nje, inabanduka, maji yanaingia chini yake kutu inafanya kazi umeifunikia shuka.

Na matambara ya mafuta ya kitani usiyakunjekunje ukatupa kwenye kona. Yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka, bila kiberiti wala cheche. Yatandaze nje yakauke au yazamishe kwenye maji.

---

MzeeWaKutu

Na macho. Hakuna aliyetaja macho. Hata kupiga doti moja ukifumba macho bila kofia ya kuchomelea, usizoee. Huumii palepale, unaumia baada ya saa sita, nane, usiku umelala unahisi mtu kakumwagia mchanga ndani ya kope. Kioo cha giza cha kofia kiwe namba 10 au 11 kwa rodi zako hizo. Na chini ya kofia vaa miwani ya kawaida ya kazi, maana ukiinua kofia kugonga lile ganda la weldingi ndo kipande kinaruka, mimi nilitolewa kimoja kwenye jicho la kushoto na kutu yake ikabaki imechora duara wakaja kuikwangua.

Siku hizi vizito sinyanyui tena, mgongo ulishasema. Nafanya vidogo, kunguru wa vijiko, kamba wa minyororo. Zamani nilidhani nikifika hapa nitasononeka, kumbe vidogo ni vigumu zaidi, kosa la milimita moja kwenye uso wa kunguru anakuwa kuku.

Nikiwa nazungumza hayo, kuna ile kazi ya Msumbiji inaitwa Mti wa Uzima, ya 2004, iko kwenye jumba la makumbusho la British Museum kule London. Wasanii wanne wa Maputo waliutengeneza kwa silaha zilizokatwakatwa, zilizosalimishwa na watu baada ya vita kuisha 1992. Bunduki tupu, shina mpaka majani. Kila nikishika bomba lenye historia naukumbuka, sijui kwa nini nimeandika hapa, endeleeni.

---

KopoLaGololi (mwenye mada)

Wakuu nimechelewa kurudi, nilikuwa kazini alafu wikiendi nzima nilikuwa nje na grainda. Mzee wa Kutu shikamoo, tanki nimelitoa kabisa, limeenda na nusu ya lundo. Dada ile ya "ni nini kingine" imeniumiza, nilikuwa na mikanda ya feni kumi na sita. Mikanda. Siyo hata chuma. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Nimepima cheche vyuma vyote vilivyobaki na kuviandikia chaki, L laini, K kaboni, M mimina. Hapo ukarani wangu umenisaidia, nimefungua na daftari.

Shingo nimefuata ya bolti. Ikabidi nisage pale ilipokatika pawe bapa, nikapoteza kama vidole vitatu, nikatoboa polepole na mafuta, bolti mbili za milimita 8 na kibamba cha chuma laini kwa chini ambacho ndo nimekichomelea kwenye sepetu. Sasa kwa kuwa imekuwa fupi na lile tundu la pili nilitoboa limepinda kidogo, kichwa hakiangalii mbele tena, kimeinama, kinaangalia chini karibu na miguu yake. Nilitaka kufungua nirekebishe, nikakumbuka ya kuacha mpaka asubuhi. Asubuhi mke wangu ndo alitoka kwanza, nikamkuta amesimama na kikombe anamwangalia. Akasema "huyu kaona samaki". Sijagusa tena.

Swali la mwisho, nataka kumwekea macho, zile gololi za kwenye kopo. Nizichomelee vipi?

---

fundi_cheche

Usizichomelee. Gololi ya beringi ni chuma cha kaboni nyingi kilichotiwa ugumu, ukiipiga moto itapasuka au ipoteze ule mng'ao, na utakuwa umeharibu kitu cha miaka 40. Chomelea nati kwanza iwe tundu la jicho, ipoe, alafu gongea gololi ndani kwa nyundo ya mbao ikae kwa kubanwa. Ikilegea tone moja la gundi ya epoksi kwa nyuma. Na usitumie nati ya zinki, umemsikia mzee.

---

KopoLaGololi (mwenye mada)

Imekaa wakuu, nati ya milimita 12, gololi imeingia kwa nguvu kidogo tu kama ilitengenezewa hapo. Ila nimeweka moja. Nane nimezirudisha kwenye kopo, nilishindwa.

---

DadaGrainda

Sasa upande wa pili je?

---

KopoLaGololi (mwenye mada)

Upande wa pili nimemgeuzia ukutani.